Mzee Aliyelalia Roketi Yangu

Mzee Radojko, jirani yetu wa bondeni, alipanda kwenye mtambo wa roketi, akalala chali juu yake, akajifunika kofia usoni.

"Piga sasa," akasema.

Sikucheka. Na mimi ni mtu wa kucheka hata msibani.

Kwetu huku milimani Serbia, kila kilima kina mtu wa kupiga mawingu kwa roketi, mvua ya mawe isimalize rasiberi. Kwetu mtu huyo ni mimi, Vukota, niliyeacha chuo cha kilimo mwaka wa tatu.

Saa tisa mchana redio ikaita. Kituo cha rada kikanipa dakika nne. Baada ya hapo kuna ndege inapita, marufuku kupiga.

Wingu lilikuwa jeusi, tumbo la kijani. Chini yake rasiberi za mama zimeiva, tunachuma keshokutwa. Ndiyo riziki yetu ya mwaka mzima.

"Mzee wangu, shuka. Mkeo nitamwambia nini?"

"Mwambie nimefia mahindi. Roketi zako zinafukuza mvua, mfereji wangu umekauka mwaka wa pili. Si wewe mwenyewe ulinieleza, msomi wetu?"

Dakika tatu.

Kweli nilimweleza. Kilabuni, pombe ya plamu kichwani, hadi nikamchorea mishale kwenye karatasi.

Kilichokausha mfereji wake ni bomba letu. Mimi na mama tulilichomeka kwenye chemchemi huko juu, pamoja na pampu, tukalifunika kwa majani ya misonobari. Rasiberi zinakunywa balaa. Aliponiuliza maji yake yameenda wapi, nikasingizia roketi.

Dakika mbili.

"Zile zilikuwa fiksi, mzee. Maji yako tunayavuta sisi, kwa bomba."

Akanyanyua kofia, akanitazama. Akatabasamu.

"Uliniambia paka wangu kachaguliwa diwani, nikaenda kuulizia ofisini. Leo sitoki."

Nikamvuta mguu. Akang'ang'ania chuma.

Redio ikasema muda umekwisha.

Mawe yalipiga dakika kumi tu. Bondeni kwa Radojko halikuguswa jani. Mama alisimama katikati ya shamba na ndoo tupu, miguu ndani ya uji mwekundu.

Hakuna rasiberi, hakuna cha kumwagilia. Mama akazima pampu.

Siku ya tatu mfereji wa Radojko ukajaa.

Kijiji kikaja kushangaa. Roketi haikupigwa, maji yamerudi, ushahidi gani tena? Wakakubaliana mtambo ung'olewe. Nikasimama kwenye mkutano nikaeleza habari ya bomba. Wakashika mbavu. Mmoja akaniuliza yule diwani paka anaendeleaje.

Ikabidi nimshike mzee mkono, nimpandishe mpaka kwenye chemchemi, niwashe pampu mbele yake.

Tukangoja. Kule chini mfereji ukapunguza sauti. Ukanyamaza.

"Zima," akasema.

Nikazima. Akakaa chini, akavua kofia.

"Kwa hiyo shamba la mama yako nimeliua mimi."

Nikakaa kando yake.

Wakuu, tanieni mnavyotaka. Ila mtu akikuuliza maji yake yako wapi, na wewe unajua, mwambie siku hiyohiyo. Ukichelewa, hata ukweli wako watauchekea.