Kamba Kwenye Chungu cha Rabi

Rabi wa Kizungu, mwalimu wa dini ya Kiyahudi, alikaa kwetu Mji Mkongwe masika yote bila kuonja chakula cha bibi. Leo nimetia maji chungu kipya, na harufu ya udongo ulioloa imenirudisha jikoni kwake.

Rabi alikuja kusoma vitabu vya kale vya babu. Walibishana juu ya Kiarabu na Kiebrania tangu asubuhi, huku wakicheka. Ukifika wakati wa kula, mgeni alimenya ndizi na kula mayai aliyoyachemsha kwenye sufuria yake mwenyewe.

"Majirani watasema nnamuua mgeni kwa njaa," bibi alilalamika.

Siku moja kabla ya kusafiri, rabi alikubali samaki mwenye magamba, apikwe kwenye chungu kipya. Moto aliuwasha mwenyewe, maana ndivyo dini yake ilivyotaka. Bibi akapika changu wa nazi. Mwishoni, kwa kumtukuza mgeni, akaongeza kamba wakubwa wa baharini.

Rabi alifunua, akafunika.

"Bi mkubwa, kamba hatuli."

"Hee! Juzi chungu, jana magamba, leo kamba! Huyu kamba kakukosea nini, sheikh?"

Babu alicheka mpaka akatoka nje. Bibi hakucheka. Alfajiri alimwamsha rabi aje awashe moto tena, chungu kingine kipya, changu mtupu. Kilipochemka tu, gari ya kwenda bandarini ikapiga honi. Rabi akaondoka na chungu chenyewe, cha moto, kimefungwa kwa kanga ya bibi.

Kama alikula au aliwagawia mabaharia, hatujui mpaka leo.