Kifungu cha Ngitili

Felisita Machibya, mkufunzi wa kilimo katika chuo kimoja nje kidogo ya Bariadi, alikuwa mkali, tena mkali hasa. Chuo kilipompa kazi ya kuandika sera ya mazingira, hakutaka maneno matamu ya kupanda miti na kupiga picha. Alitaka ngitili, yaani malisho yanayofungwa tangu masika ili yapumzike, kama aliyokuwa nayo baba yake kule Shishiyu. Akaandika kifungu: ng'ombe atakayekutwa ndani akamatwe, apelekwe chuoni.

Kwa baba yake kulikuwa na neno jingine. Ng'ombe wa mtu hasogezwi kabla mwenyewe hajaitwa akaona kwa macho yake. Felisita alilijua hilo tangu utotoni, akaliacha makusudi, akiona litaifanya sera ionekane ya kishamba. Kusoma nako kuna ulevi wake, jamani.

Kiangazi kilipouma, ng'ombe wa mzee Ndaki wakavunja uzio wa ngitili ya chuo. Mlinzi Sylvester, mtu mpole aliyetoka Nassa majuzi tu, akawaswaga kuelekea chuoni kama sera ilivyoagiza. Ndaki akatokea, akaona mtu asiyemjua anaondoka na mifugo yake. Akapiga mwano.

Usiombe kuusikia mwano Usukumani. Ni yowe la wizi wa ng'ombe, na mwanamume anayebaki nyumbani akiusikia huhesabiwa mwenzake mwizi. Wakaja na fimbo, mapanga na marungu. Sylvester aliinua mikono aeleze. Pigo la kwanza likamvunja taya, maelezo yakaishia hapo. Walimpiga akiwa chini, wakaendelea hata alipoacha kujikunja.

Felisita alitoka darasani mbio, akapenya, akajilaza juu ya Sylvester, akilia kwa Kisukuma kwamba huyu si mwizi, ametumwa. Rungu likamshukia begani, mfupa ukavunjika. Akageuza uso. Aliyelishika alikuwa Salu, kaka yake wa tumbo moja, aliyehamia kijiji cha jirani. Lilikuwa limelowa damu hadi mshikoni, na haikuwa damu ya Felisita. Salu alipomtambua dada yake akalitupa, na wenzake wakarudi nyuma. Walikuwa wamechelewa. Sylvester alikata roho njiani kwenda hospitali.

Polisi walipouliza, kijiji kizima hakikuona kitu. Waliopiga ni wote, basi hakuna aliyepiga. Mama yake Felisita alimfuata wodini, akapiga magoti, akamsihi asimtaje Salu, mwanawe wa kiume pekee. Felisita alilia kwa uchungu, maana alimpenda sana kaka yake. Kwandu, mjane wa Sylvester, alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango, hajamuuliza mtu kitu.

"Andika Salu Machibya," Felisita alimwambia askari aliyekuja kuchukua maelezo. "Ni kaka yangu. Kisha uniandike na mimi, ndimi niliyemtuma marehemu."

Askari akamwambia kwa upole kwamba yeye hana kosa, mlinzi alikuwa anafuata sera ya chuo tu.

"Sera niliiandika mimi, afande."