Ugali wa Mama kwenye Jedwali la Nguruwe

Niliuingiza ugali wa mama kwenye vyakula vya nguruwe. Naanzia hapo, maana yote yaliyofuata yalitokana na ujinga huo.

Tunaishi ughaibuni: mimi na mama tuko Guildford, na dada yangu anasomea mifugo chuoni, kule Kensington. Yeye na wenzake wanajenga kanzidata ya pamoja: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, majani ya viazi, kila kimoja na protini yake na nguvu yake, ili mfugaji popote alipo afungue simu aone amlishe nini mnyama wake. Majina ya Kiswahili alinipa mimi niandike, kwa sababu yeye siku hizi mama akimwita anaitikia kwa Kiingereza. Akanipa na nenosiri lake. Hapo alikosea.

Jumamosi moja mashudu yalinichosha, nikaongeza mstari wangu: "Ugali uliolala, Guildford." Protini nikabuni. Nguvu nikaipandisha ikapita kila kitu kwenye jedwali. Penye chanzo nikaandika "maabara ya mama". Nikacheka peke yangu, nikaenda zangu mpirani.

Kumbe kitu cha pamoja ni cha pamoja kweli. Mfugaji mmoja wa Kigoma, mwanamke, aliuona mstari, akauliza kwa heshima zote: makombo ya ugali anayapata kila siku kutoka shule jirani, sasa nguruwe wake mwenye mimba ampunguzie pumba kiasi gani? Msimamizi wa dada naye akausoma ujumbe. Akamtaka dada aieleze hiyo maabara, la sivyo atolewe kwenye kazi.

Dada alipanda treni akaja nyumbani. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Alinikalisha nimwandikie yule mfugaji mwenyewe kwamba namba nilizitunga, asipunguze chochote. Jibu likaja: "Asante mwanangu. Lakini ugali bado ninao. Namba yake ya kweli ni ngapi?"

 Dada akatazama sufuria la ugali jikoni.

Tuliupima ugali wa jana kwenye mizani ya keki, tukaukausha kwa moto mdogo kwenye oveni mchana kutwa, tukaupima tena. Sehemu kubwa ilikuwa maji tu. Kipande kikavu dada akakitia kwenye kopo, akaenda nacho maabara yenye watu waliovaa makoti meupe. Mama aliporudi kutoka kwa wazee anaowahudumia alinusa, akauliza nini kinaungua. Nikasema somo.

Wiki iliyofuata dada alirudi anatabasamu. Msimamizi alikuwa amemwacha aendelee, na mstari ulibaki, sasa ukiwa na namba za kweli. Nenosiri lilikuwa jipya. Yule wa Kigoma alikwisha kujibiwa. Ikabidi mama aelezwe yote, hadi maabara yake.

Mama alivua viatu vya kazi, akausoma mstari ule taratibu, akamrudishia dada kompyuta huku akinitazama mimi.

"Penye mnyama anayelishwa, andika: dume moja, liko hapa Guildford, linashiba kila siku na akili haiongezeki. Na leo dume hilo litaosha sufuria lenyewe."