Fimbo Nzima

Fundi wa fimbo za gofu hakuulizi umepiga vipi. Anaipokea fimbo kwa mikono miwili, anafumba jicho moja kuona kama imenyooka, kisha anapitisha kidole gumba kwenye mpira wa mpini, pale ulipolika. Sisi wachezaji wa kujifurahisha tunamletea kila Jumamosi maneno ya watu: muuza duka kasema fimbo ni fupi, shemeji kasema ni nzito, mwalimu kasema tatizo ni kiuno. Anashusha pumzi. "Fimbo ni nzima. Wewe ndiye unaikaba kama umekamata mwizi," anasema, kwa sauti ya mtu aliyeyarudia hayohayo tangu asubuhi. Mimi ameshaniambia mara nne.

Jumamosi iliyopita aliingia mwalimu mwenyewe, yule aliyetufundisha sote, fimbo yake kwapani. Alisema mipira yake siku hizi inakwenda kulia tu. Alipoitoa ile fimbo, mkono ulikuwa unamtetemeka. Fundi alifumba jicho, akapitisha kidole gumba, kisha akautazama ule mkono.

"Ni fimbo, mwalimu," akasema. "Niachie niitengeneze."

Mwalimu alipotoka, fundi aliifuta kwa kitambaa, akaiegemeza ukutani, wala hakuigusa tena.