Maji Juu ya Mlango wa Chuma

Nilitaka kumwona akiaibika. Naanza na hilo, nisije nikajifanya mtu mwema. Kwa miaka miwili nilikuwa na hamu moja tu: fundi aliyenifundisha kupaka rangi asimame mbele ya watu, aseme kwa kinywa chake ni nani aliyewasha kiberiti.

Karakana yake iko Nyamianda, karibu na ziwa. Tulitengeneza milango na madirisha ya chuma. Kabla ya kupaka antiruye, ile rangi ya kwanza inayozuia kutu, chuma lazima kitolewe mafuta yote, la sivyo rangi hubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Fundi alikuwa na mtindo wake, na wateja waliupenda kuliko rangi yenyewe. Alinifanya nifute mlango mzima kwa kitambaa kilicholoweshwa esanse, ile petroli ya pikipiki, kisha akausogezea kiberiti. Mwali wa njano ulipita juu ya chuma mara moja, ukazimika.

"Umeona?" alimwambia mteja. "Mafuta yote inaungua. Chuma iko safi."

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, mjinga mimi.

Nilifuta kwa mikono mitupu. Jioni kichwa kiliniuma, ngozi ya vidole ilipasuka, hata ugali ulininukia esanse. Siku moja mteja alikuwa na haraka na fundi alikuwa na mbwembwe zake. Nilikuwa bado nimeinama, kitambaa mkononi, alipowasha. Moto haukuuliza huu ni mlango au ni mkono wa mtu. Ulinipanda hadi kwenye kiwiko, ukarukia bidoni, dumu la esanse lililokuwa kando, ukala nusu ya paa la karakana.

Nilipokuwa nimelazwa kwenye kituo cha afya, fundi alishaeneza habari yake: msichana alicheza na kiberiti. Mteja alikuwa ametazama simu yake, hakuona chochote. Mama yangu, anayelima mpunga Runingu, alikuja akaketi kando ya kitanda.

"Weye mutoto," akasema, "juu ya nini unachezeaka moto kwa kazi ya batu?"

Nikamwambia si mimi. Akageuza uso. Nikaelewa kwamba amemwamini mtu mzima mwenye karakana, binti yake amemwacha. Hilo liliniuma kuliko mkono.

Muuguzi aliyekuwa akinifunga bandeji aliniuliza kwa nini vidole vimepasuka hata kwenye mkono ambao moto haukuufikia. Nilipomweleza, alikasirika kwelikweli. "Ile esanse inaingia mu ngozi," akasema, "na mvuke yake inakamata moto hata kama moto iko mbali." Akanionyesha alkoli aliyokuwa akisafishia ngozi: inatoa mafuta, inakauka, haiachi kitu. Nayo inawaka, akaonya, kwa hiyo mtu atumie kidogo tu, nje penye hewa, mbali na kiberiti na mbali na watu wanaochomelea. Nilimsikiliza kwa makini, nikiwa natafuta silaha.

Nilipopona nikaanza majaribio nyuma ya nyumba, kwenye vipande vya chuma chakavu. Mazutu, dizeli ya malori, yaliacha utando. Mafuta ya taa vilevile. Esanse inayouzwa kwa chupa barabarani, ambayo huwezi kujua imechanganywa na nini, nayo iliacha utando wake. Kilichoshinda vyote kilikuwa maji ya moto na sabuni ya unga: unasugua kwa brashi, unasuuza, unaanika juani. Baada ya hapo unavaa glavu na kufuta madoa sugu kwa kitambaa chenye alkoli kidogo, kisha unapaka siku hiyohiyo, kabla hewa ya ziwa haijaleta kutu. Nikapata na namna ya kupima. Kila mwanamke aliyeosha sufuria anaijua: palipo na mafuta maji hukatika matone, palipo safi hutandaa.

Nikafungua kibanda changu cha kupaka rangi. Baadaye shule moja ya Runingu ikatafuta mtu wa kupaka milango yake, na kamati ya wazazi ikatuita wawili, fundi na mimi, kila mmoja aandae mlango mmoja uwanjani. Nilifurahi hadi nikaona haya. Haya ikapita upesi.

Fundi alikuja na chupa yake na kiberiti chake. Mwali ukapita, wazazi wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa na beseni.

"Angalieni huyu," akasema, "iko nafua mulango!"

Wakacheka. Nikamwacha acheke ashibe. Mlango wangu ulipokauka, niliomba maji safi, nikayamwaga juu yake. Yakatandaa yote. Kisha nikamwaga juu ya mlango wake. Yakakatika vipande vipande, matone yakasimama juu ya masizi. Mwenyekiti wa kamati akapitisha kidole, kikatoka cheusi.

"Fundi, hii ingali na mafuta," akasema.

Kazi ilikuwa imeshakuwa yangu, ningeweza kunyamaza. Lakini sikuwa nimefuata kazi. Mama alikuwa amesimama kati ya watu, katoka shambani. Nikapandisha mkono wa shati hadi kwenye kiwiko, kovu lote likaonekana.

"Fundi, ubaambie hawa batu nani aliwashaka kiberiti ile siku."

Akanitazama, akayatazama matone, akawatazama wazazi ambao hawakucheka tena.

"Ni minye," akasema chini chini.

"Sema na nguvu."

"Ni minye njo niliwasha! Huyu mutoto alikuwa angali anafuta."

Utamu niliousikia sijawahi kuupata katika chakula chochote. Niliula wote, wala sikumwonea huruma.

Tulipoondoka, mama alitembea nyuma yangu. Nilingoja aniombe msamaha. Nilishapanga hata nitakavyomcheleweshea jibu. Tulipofika kwenye mfereji wa mpunga, akasimama.

"Minye nilienda kwake," akasema. "Weye ungali ku kitanda. Nilimupigia magoti mbele ya batu yake, nikamuomba akusamehe. Akaniacha pale chini, akasema atafikiri."

Atafikiri. Mama yangu amepiga magoti kwenye majivu ya karakana, na mtu aliyewasha kiberiti amesimama juu yake, eti atafikiri. Nilimshika mkono, tukageuka kurudi. Kule uwanjani fundi alikuwa bado anafunga vitu vyake kwenye pikipiki. Mama akauachia mkono wangu, akatangulia kumwendea.