Jieleze, Lakini Umeshatolewa

Wiki jana nilikuwa mahakamani Machakos nikingoja kesi ya mteja wangu itajwe. Meneja wa hoteli moja ya Kyumbi aliapa kwamba alimsikiza mpishi wake kabla ya kumfuta kazi, kama sheria inavyotaka.

"Ulimsikiza wapi?" akauliza wakili wa mpishi.

"Kwa grupu ya WhatsApp ya kazi. Niliandika, 'Jieleze.' Akanyamaza."

Wakili akainua simu ya mpishi. "Hapa ulimtoa kwa grupu saa mbili kamili. Hiyo 'Jieleze' uliandika saa ngapi?"

Meneja akatazama simu yake, akajikuna shingo. "Saa mbili na dakika tano."

"Muvea Ngai!" mpishi akamshukuru Mungu kwa sauti.

Alishinda. Wakili mwenzangu hakufungua kitabu hata kimoja. Mimi nilikuwa nimebeba vinne.