Goti la Ngone Ndiaye

Ngone Ndiaye ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Siku nilipoletwa Kaolack kama bibi harusi, yeye ndiye aliyenipokea mlangoni, akaninong'oneza, "Wifi, hapa wali unapikwa kwa chumvi kidogo, usije ukatuaibisha." Ana kibanda cha kusuka nywele karibu na soko, na mikono yake ni myepesi. Lakini mtaani kwetu watu walimpendea sabar, ngoma ya wanawake. Wanawake wakishakusanyika baada ya sala ya alasiri na ngoma zikapangwa, macho yote yalimgeukia yeye. Sabar ina kuruka, ina kufungua magoti na kuyafunga, mguu mmoja uko hewani na mwingine umebeba mwili mzima na kugeuka nao. Ngone alifanya hayo kama mtu anayepunga upepo.

Pia ya goti lake la kulia ilitoka mara ya kwanza akiwa shuleni, uwanja wa mpira wa mikono. Hiyo sikuiona, nilisimuliwa. Ya pili niliiona mwenyewe, siku ya kumpa jina mwanangu wa kwanza. Nilikuwa nimeketi na mtoto mapajani, Ngone yuko katikati ya duara. Akaruka, akatua, mwili ukageuka na unyayo ukabaki palepale mchangani. Nilidhani amejikwaa. Alipoanguka ndipo nikaona goti limekuwa na umbo la ajabu, pia imehamia upande wa nje, ngozi imevutika juu yake. Shangazi mmoja akamvuta mguu kwa nguvu. Ngone alipiga yowe ambalo sijalisahau, mfupa ukarudi mahali pake.

Mzee mmoja anayekanda mifupa akaitwa. Akampaka mafuta ya karite, akamfunga kitambaa, akasema, "Binti, pumzika." Ngone alipumzika kweli. Miezi mitatu mguu uko juu ya mto, tunampelekea chakula alipo, tunamwambia, "Usiinuke, wifi, tutakuletea." Tulidhani tunamsaidia.

Mara ya tatu hakuwa anacheza. Alikuwa kwenye kibanda chake, anamsuka mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Akainuka kwenye kigoda, akageuka kuchukua kitana nyuma yake, basi. Pia ikatoka kwa ajili ya kitana. Mwalimu alirudi kwake nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama.

Hiyo ndiyo iliyomvunja moyo. Akaanza kutembea akishika kuta. Harusi hakwenda, na walioalika wakasema Ngone siku hizi anajiona. Jioni moja nilimkuta ameketi kitandani, kiganja kimeshika goti kama mtu anayeshika kifuniko cha sufuria inayochemka.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nalizuia."

"Utalizuia mpaka lini?"

Kesho yake nikampeleka hospitali.

Daktari wa mifupa alitazama picha, akatueleza kwamba mfereji ambamo pia inateleza hauna kina cha kutosha, Ngone kazaliwa nao, na ile kamba ya ndani inayoishikilia imelegea kwa kutegukateguka. "Upasuaji upo," alisema, "lakini kwanza nenda chumba cha mazoezi, ufanye kazi miezi minne. Ikitoka tena, tutazungumza habari za kisu."

Chumba cha mazoezi kilikuwa cha bwana mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akafungua daftari.

"Jina?"

"Ngone Ndiaye."

Akaweka kalamu chini. Yeye alikuwa Diop, na kina Diop na kina Ndiaye ni watani tangu enzi za mababu.

"Ndiaye! Sasa naelewa ugonjwa. Mmekula wali mpaka mifupa imekosa nafasi, inahama."

Ngone, ambaye alikuwa hajacheka kwa wiki nyingi, alimtazama tumboni. "Mla wali anajulikana, Diop. Huyo hapo mbele yako utamzaa lini?"

Walicheka wote wawili, nami nikajua tumefika mahali pazuri.

Diop akachukua futi ya fundi cherehani, akapima mapaja yote mawili. La kulia lilikuwa limepungua karibu sentimita nne. Akagusa sehemu ya ndani, juu kidogo ya goti. "Msuli huu ndio unaoivuta pia isikimbilie nje. Umelala. Mmeupumzisha hadi umekwisha." Nikaangalia sakafu. Ile mito niliipanga mimi.

Zoezi la kwanza lilikuwa kukaa chini, taulo limekunjwa chini ya goti, na kulibonyeza huku akihesabu hadi kumi.

"Hili ndilo?" Ngone akauliza. "Nimetoka nyumbani kuja kubonyeza taulo?"

"Bonyeza, Ndiaye. Sahani utaachiwa uirambe."

Baada ya wiki tatu taulo likaachwa. Akawa analala ubavu na kuinua mguu, kwa sababu Diop alisema nyonga ikiwa dhaifu goti linaangukia ndani. Akawa anakaa kitini na kuinuka mbele ya kioo, goti likielekea kidole cha pili cha mguu. Nyumbani alipiga mswaki amesimama kwa mguu mmoja, mume wangu akimtania kwamba amekuwa korongo.

Wiki ya saba goti likavimba kidogo. Ngone akaogopa, akaacha kila kitu, na siku za kwenda kwa Diop akajificha kibandani. Siku ya kumi simu yangu ikalia, ni Diop.

"Mwambie mtoro wako nimemwona sokoni, anatembea vizuri kuliko mimi."

Akarudi kwa aibu. Diop hakumgombeza. Aligundua kwamba Ngone, kwa haraka ya kupona, alikuwa akishuka ngazi za nyumbani mara sitini kwa siku badala ya kumi na tano alizopangiwa. Akampunguzia, wakaanza tena pole pole.

Kibanda nacho kilibadilika. Kigoda kiliondoka, kikaja kiti kirefu. Vitana na nyuzi vikahamia kwenye mfuko wa kiunoni. Na akajizoeza kugeuka upya, nyayo kwanza, mwili baadaye. Wateja walidhani ni maringo.

Mwezi wa sita wa mazoezi Diop akamwambia aruke. Akapiga meza kwa vidole mdundo wa sabar, vibaya kweli. Ngone akaruka, akatua, goti likaingia ndani.

"Tena. Tua kama unakaa kitini."

Akaruka hadi fulana ikalowa. Kisu hakikuzungumzwa tena.

Alirudi kwenye duara mwezi wa tisa, kwenye sherehe ya kumpa jina mtoto wa jirani. Mpiga ngoma alipomwona akabadilisha mdundo kumwita. Ngone akavua viatu, akaingia, akacheza duru moja fupi. Mpiga ngoma akamfuata hadi kitini, akimpigia sikioni kumchokoza arudi. Ngone akatikisa kichwa, akaketi. Nikamwinamia.

"Uliogopa?"

"Sana, wifi. Lakini limekaa."

Hatukumaliza hata kinywaji tulichopewa. Yande, binti wa jirani mwingine, miaka kumi na minne, aliingia kwa mbio, akageuka, akaanguka akipiga kelele, pia ya goti imehamia nje. Wanawake wakamzunguka, mmoja tayari amemshika kisigino.

"Mwache!" Sijawahi kumsikia Ngone akitoa sauti ile. "Asimguse mtu!"

Akaketi mchangani, akamwegemeza msichana kifuani pake ili paja lilegee. "Yande, nitazame mimi, usitazame goti. Pumua. Sasa telezesha kisigino mbele, wewe mwenyewe, taratibu. Ukiumia sana acha, tutakupeleka hospitali hivyohivyo." Msichana akalia, akatelezesha, akapumzika, akatelezesha tena. Mguu ulipokaribia kunyooka, pia ikarudi yenyewe.

Mama yake alitaka kumshukuru Mungu na kurudi kwenye wali. Ngone akakataa. Walimfunga mguu kwa ubao na kanga, wakampeleka siku hiyohiyo kupigwa picha, maana mfupa unaweza kumeguka kipande bila mtu kujua.

Sasa ni mwaka wa tatu. Goti la Ngone halijatoka. Anasema siku nyingine akishuka ngazi analisikia likisita, basi anasimama kidogo, anaendelea. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kabla ya wateja kufika, Yande anapita kibandani akiwa na sare ya shule. Wanaume wa soko wakipita wanawaona wawili hao wanakaa na kuinuka, wanakaa na kuinuka, kila mmoja na kiti chake, Ngone akihesabu kwa sauti na kumwambia, "Goti, Yande. Liangalie linakoelekea."